Aliyechimba Amekufa, Kisima Kimebaki

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Kijijini kwetu, katika kisiwa cha Lamu, kuna kisima kando ya msikiti kilichochimbwa na mzee mmoja kabla sisi hatujazaliwa, na watu wote walikuwa wakiteka bila kuulizwa. Mwaka jana mjukuu wake alifunga pampu, akatia mlango na kufuli, na sasa hutoza kila mtungi wa lita 20. Anadai kwamba kiwanja ni cha babu yake, na kwamba ukingo ulipobomoka ni yeye aliyeujenga, sisi tukitazama. Isitoshe, maji yenyewe yameanza kuwa na munyu. Je, kisima ni chake au ni chetu?

JIBU: Wa alaykum salaam. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake mna mambo matatu ambayo hayana budi kutenganishwa: kiwanja, maji, na kazi iliyofanywa hapo.

Kiwanja chaweza kuwa cha babu yake. Maji si yake, kwa kuwa kifungu cha 5 cha Sheria ya Maji ya mwaka 2016 kinaweka kila chanzo cha maji mikononi mwa Serikali ya Taifa, kwa amana ya wananchi wa Kenya. Kuteka kwa ndoo na kamba kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Ama anayefunga pampu ili auze, na aiulize kwanza Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tena, ikiwa mzee alikichimba kwa ajili ya msikiti na wapita njia, yamkini aliweka wakfu, na wakfu hauuzwi wala haurithiwi. Sote tumesomeshwa chuoni habari za Sayyidna Uthman, aliyenunua kisima cha Ruma kule Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akawaachia watu wateke bure. Watafuteni wazee waliomsikia mchimbaji akinena, nayo maneno yao yaandikwe mbele ya imamu na mashahidi, maana wazee hao hawatakuwapo daima.

Hata hivyo, naomba usiudhike: ukingo ulibomoka nanyi mkitazama. Aliyeujenga ana haki ya kurudishiwa gharama yake, na mkikaa naye kikao, hilo ndilo la kuanza nalo. Baada ya hapo chagueni kamati ndogo, mweka hazina akiwa mmoja wa wanawake wanaoteka kila siku (wao ndio wa kwanza kujua kamba imechakaa), na mchango wa kila nyumba uandikwe katika daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua. Fedha hizo ni za kamba, kapi, kifuniko, sakafu ya saruji yenye mteremko wa kupeleka mbali maji yanayomwagika, na ujira wa mtu wa kushuka kuzoa matope mwishoni mwa kaskazi, maji yanapokuwa chini kabisa. Pawe na ndoo moja tu ya kisima, isiyowekwa chini, kwani kila mtu akija na yake huingiza uchafu wa miguu ya punda. Choo kisikaribie chini ya mita 30.

Limebaki la munyu, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Kisiwani, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyomo ardhini, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kila mita 1 yaliyo nayo juu ya usawa wa bahari, huwa na mita 40 hivi chini yake. Kwa hiyo pampu ikiyashusha kwa sentimita 10 tu na kuendelea hivyo, munyu waweza kupanda takriban mita 4 kutoka chini. Ndoo huteka kidogo kidogo na usiku kisima hupumzika. Pampu haina usiku. Pampu ikizimwa mapema na masika ikanyesha vizuri, huenda maji yakarudi, ingawa si kwa mwezi mmoja. Huyo kijana mwonesheni hesabu hii kabla ya kumwonesha sheria, kwa sababu akiendelea kuvuta, punde atakuwa anauza maji ambayo hata punda wake hatayanywa.