Daftari lililojua kikohozi changu

Miezi miwili nilikohoa kikohozi kikavu ambacho hakikusikia dawa ya maji wala antibiotiki. Picha ya kifua ikatoka safi. Kumbe jibu nilikuwa nalo nyumbani. Kwenye daftari ninaloandikia presha kulikuwa na mstari: "Leo nimeanza enalapril," yaani dawa yangu ya presha. Siku kumi mbele: "Koo linawasha, sikulala." Daktari alipousoma ukurasa ule alinibadilishia dawa, na wiki tatu baadaye kikohozi kikakoma. Dawa za jamii hiyo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, ila mimi sikuwahi kuuliza.

Zamani nilikuwa naingia, naitikia "sawa daktari" hata pale nisipoelewa, natoka na cheti. Daktari ananiona dakika chache tu; siku zinazobaki naishi na mwili huu peke yangu. Nisipompelekea yaliyotokea katikati, atayajuaje?

Lakini daftari baya linapotosha kuliko kukosa daftari. Mwanzoni nilipima nikiwa nimetoka kupanda ngazi, kahawa mkononi, halafu naogopa namba. Siku hizi kahawa na mazoezi naviacha nusu saa kabla, nakwenda haja ndogo, nakaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Napima mara mbili, nikipumzika dakika moja katikati, asubuhi na jioni. Na ujue kwamba nyumbani 135/85 tayari ni presha ya juu, ingawa kliniki wengi huanzia 140/90, kwa kuwa mbele ya daktari moyo hukimbia.

Andika pia dawa ulizojinunulia mwenyewe. Ibuprofen na diclofenac, tunazomeza kwa maumivu ya mgongo kama pipi, huweza kupandisha presha na kuumiza figo.

Usiache dawa kwa uamuzi wako, hata ukishaihisi kuwa ndiyo mkosaji. Mimi nilikaribia kuiacha. Peleka swali.

Kilichonishinda muda mrefu ni kuandika siku nilizoruka vidonge. Aibu tu. Ila daktari akikuta 160 bila kujua kwamba siku tatu sikumeza kitu, ataniongezea dozi ya dawa nisiyoinywa. Sasa naandika "nimesahau", na daftari nalilaza juu ya kopo la vidonge.