Dozi isiyoisha

Mwaka wa kwanza, kila nikienda kliniki nilimuuliza daktari swali lile lile: dozi yangu inaisha lini? Sisi tumekulia kwenye malaria. Dawa mseto ni vidonge 24 kwa siku 3, mtu mzima anameza vinne asubuhi, vinne jioni, anamaliza, anarudi shambani. Kwa hiyo nilipoambiwa moyo umetanuka kwa sababu ya presha niliyokaa nayo miaka bila kuitibu, nikapewa vidonge vya mwezi mmoja, kichwani nilihesabu mwezi mmoja.

Mwezi ukaisha. Miguu ilikuwa imenywea, nalala kwa mto mmoja badala ya mitatu, pale sokoni Mwanjelwa gunia la viazi naliburuta mwenyewe. Nikajiona nimepona, nikaacha. Wiki ya tatu viatu vikagoma kuingia, na usiku nikawa naamka nahema kama niliyekimbizwa. Nesi wa wodini, Mnyakyusa mwenzangu, akaniuliza: "Mama, mgomba wenye mkungu mzito ukiutolea ule mti ulioutegemeza, unasimama?" Sikumuuliza tena mtu yeyote dozi inaisha lini.

Ila kukubali ni jambo moja, kumeza kila siku ni jambo jingine kabisa. Chukua kidonge cha kutoa maji, furosemaidi, ambacho wengi tunakijua kama Lasix. Ukikimeza, ndani ya saa moja umeshaanza safari za chooni, na zinaendelea mpaka mchana. Siku moja nilikimeza alfajiri nikapanda basi kwenda Iringa kwa binti yangu. Kabla hatujafika Igawa nilikuwa nimeshalisimamisha basi mara mbili. Konda akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka siti ya nyuma, "Mama, si tumechimba dawa Chimala?" Basi zima likacheka. (Anayeijua lugha ya mabasi yetu ataelewa kwa nini hata mimi nilicheka: dawa ndiyo iliyonipeleka kuchimba dawa.) Safari zilizofuata nikawa nakiruka kabisa, na siku mbili baadaye miguu inajaa. Aibu ya kusema ndiyo iliyoniponza. Nilipokuja kumweleza daktari, aliniruhusu siku ya safari nimeze nikishafika, mradi nisikiruke na nisikimeze usiku. Kwako anaweza akasema vingine, ndiyo maana nasema ulizeni. Mimi nilikaa na tatizo hilo karibu mwaka mzima wakati jibu lake lilichukua dakika mbili.

Kikohozi nacho kilinidanganya. Juni na Julai Mbeya nzima inakohoa kwa baridi, nani angeilaumu dawa? Kikavu, cha usiku, hakina makohozi. Nikapimwa kifua kikuu, hakuna. Kumbe ni enalaprili, mojawapo ya dawa zangu za presha na moyo. Kuna watu inawakohoza. Nikabadilishiwa losartani, na baada ya wiki chache kikaondoka. Jirani yangu yeye alipokohoa aliitupa dawa bila kumwambia mtu, akarudi hospitali amebebwa.

Lakini kosa lililonitisha kuliko yote ni la maboksi. Dirishani niliambiwa dawa moja hakuna, nikanunue nje. Dukani nikapewa boksi la bluu. Mwezi uliofuata hospitali ikawa nayo, nikapewa boksi jeupe lenye jina jingine kubwa juu. Lile la bluu lilikuwa halijaisha, nami nikaamini nimeongezewa dawa mpya. Nikameza yote mawili. Siku ya tano nikashikwa na kizunguzungu sokoni, mapigo ya moyo yamepoa, mikono ya baridi kama nimetoka Kitulo. Mjukuu wangu wa sekondari ndiye aliyesoma maandishi madogo: yote mawili bisoprololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo. Jina kubwa ni la kiwanda, dawa yenyewe ni lile jina dogo chini yake. Siku hizi naenda kliniki na mfuko wenye maboksi yote, hata matupu, na vidonge vya mgongo navyo humo humo. Hapo ndipo nilipojua kwamba diklofenaki niliyokuwa naimeza baada ya kubeba magunia inazuia maji na chumvi mwilini, yaani inavuta kule wakati Lasix inavuta huku.

Chumvi nilipunguza mapema, nikajisifu. Magadi nikayasahau. Huku kwetu juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, maharage yanakaa jikoni nusu siku, kila mama anatupia magadi yalainike. Magadi yana sodiamu ile ile iliyomo kwenye chumvi. Sasa maharage nayaloweka usiku na kuvumilia mkaa.

Na kila asubuhi, nikishatoka chooni, kabla ya chai, napanda mzani wa magunia uliopo stoo. Nilielekezwa kwamba nikiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, si unene, nisisubiri tarehe ya kliniki. Juzi ulisoma 68. Jana tulikuwa msibani, makande yalikuwa laini kuliko kawaida, nikala sahani mbili. Leo umesoma 70 na nusu. Nimeshampigia nesi, kasema niende na mfuko wangu.