Maswali yenu kuhusu Mission: Impossible – Fallout

Maswali ya safari hii yanahusu filamu ya sita katika mfululizo wa jasusi Ethan Hunt, anayeigizwa na Tom Cruise, iliyotoka mwaka 2018. Anayetaka kuitazama bila kujua lolote aiahirishe safu hii, kwa maana baadhi ya matukio yatatajwa.

Je, ni lazima nitazame filamu zote tano zilizotangulia?

Si lazima. Anza na ya tano, Rogue Nation ya mwaka 2015, kwa sababu Solomon Lane, adui aliyekamatwa mwishoni mwake, ndiye anayerejea hapa, na jasusi Ilsa Faust naye tunakutana naye huko kwa mara ya kwanza. Ukipata muda, ongeza ya tatu ili umfahamu Julia, mke wa Ethan. Ya pili unaweza kuiacha na usipungukiwe na kitu.

Mbio na milipuko vilikuwapo tangu filamu ya mwaka 1996. Hii imezizidi nyingine kwa lipi hasa?

Imezizidi kwa kuwa hatari yake inazaliwa na uamuzi wa mhusika mkuu mwenyewe. Katika filamu zilizotangulia, mara nyingi Ethan alikuwa mtu wa kupokea kazi na kuitekeleza kwa ustadi. Tulimshangaa, lakini hatukuwa na sababu kubwa ya kumhoji. Hapa, mwanzoni kabisa, jijini Berlin, analazimika kuchagua kati ya uhai wa rafiki yake Luther na madini ya plutoniamu yanayotosha kuunda mabomu ya nyuklia. Anamwokoa Luther, plutoniamu inapotea, na kila kinachofuata hadi mwisho ni gharama ya chaguo hilo. Wakubwa wake wanauona huo kuwa udhaifu, ndiyo maana wanampachikia August Walker, jasusi wa CIA asiyesita kuua, ili amchunge.

Jambo hilo linajirudia jijini Paris, pale askari wa kike wa kawaida anapojikuta katikati ya shughuli ya Ethan na wenzake na kupigwa risasi. Ethan angeweza kunyamaza ili siri yake isifichuke. Badala yake anawaua wahalifu waliokusudia kummaliza, kisha anamwomba radhi kwa Kifaransa. Ni tukio fupi, na kwa maoni yangu ndilo bora kuliko yote, helikopta zikiwamo.

Je, ni kweli Tom Cruise aliruka mwenyewe kutoka kwenye ndege?

Ni kweli. Hadithi inasema ni anga ya Paris, ila mruko ulipigwa picha Abu Dhabi. Kwa kuwa mwongozaji alitaka mwanga wa machweo, ambao hudumu kwa dakika chache tu, kikosi kilipata nafasi moja kwa siku, na Cruise aliruka zaidi ya mara 100, mazoezi yakiwamo, hadi picha zikapatikana. Jijini London alivunjika kifundo cha mguu aliporuka kutoka jengo moja kwenda jingine, na mruko huohuo umebaki ndani ya filamu. Milima ya Kashmir mnayoiona kwenye mbio za helikopta ni ya New Zealand, na jabali la pambano la mwisho liko Norway.

Mwongozaji ni yuleyule wa filamu ya tano. Mbona haifanani nayo?

Filamu tano za mwanzo zilikuwa na waongozaji watano tofauti, na Christopher McQuarrie ndiye wa kwanza kurudi. Ili asijirudie, alibadili mpigapicha mkuu na mtunzi wa muziki: Rob Hardy akachukua nafasi ya Robert Elswit, na Lorne Balfe ya Joe Kraemer. Muziki umekuwa mzito zaidi, lakini McQuarrie anajua pia wakati wa kuunyamazisha. Pambano la maliwatoni halina muziki, kwa hiyo tunasikia ngumi, vioo na mabomba yanavyovunjika, na hata Walker mwenye mwili wa mbabe anaonekana kuchoka.

Haina kasoro?

Inazo. Maelezo ya nani anamsaliti nani yamerundikana katika saa ya kwanza, na mtazamaji makini atamtambua msaliti mapema mno. Julia, aliyerejeshwa baada ya miaka mingi, alistahili zaidi ya mazungumzo machache.