Maswali na majibu: "Ikiwa" na "basi"

"Ikiwa mtu yuko Newala, basi yuko mkoa wa Mtwara." Nimeigeuza, nikakosa. Kwa nini? (Kidato cha tano, Masasi)

Wewe mwenyewe ndiye jibu! Uko mkoa wa Mtwara na hujafika Newala. Sentensi ikiwa kweli, iliyogeuzwa si lazima nayo iwe kweli. Ukitaka iliyo sawa nayo, geuza na ukanushe pande zote mbili: ikiwa mtu hayuko mkoa wa Mtwara, basi hayuko Newala. Aliyeko Nachingwea, mkoani Lindi, hawezi kuwa Newala. Sentensi zinazokuwa kweli pamoja na uongo pamoja, kila hali, ndizo tunazoziita sawa kimantiki.

Mjomba alisema: "Korosho zikiuzwa, nitakununulia baiskeli." Hazikuuzwa, na baiskeli kaninunulia. Kasema uongo? (Lindi mjini)

Hapana, na umshukuru. Hali ni nne, na ahadi inavunjika katika moja tu: korosho zimeuzwa, baiskeli haikununuliwa. Zisipouzwa, mjomba hadaiwi, anunue asinunue. Wengi hugoma hapa, wala siwalaumu: tukisikia "zikiuzwa" tunaongezea wenyewe "zisipouzwa, hupati". Mantiki haihesabu lisilotamkwa. Ubishi wenyewe ni wa zamani. Philo wa Megara, Mgiriki, aliutetea msimamo huu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Ndiyo maana ahadi hiyo inaandikika bila "ikiwa": ama korosho hazikuuzwa, ama baiskeli imenunuliwa, au yote mawili. Chora jedwali la ukweli, yaani orodha ya hali zote na kama kauli ni kweli au uongo katika kila moja; mistari minne yote italingana.

Kukanusha "Akija, tutaondoka" ni "Akija, hatutaondoka"? (Mikindani)

La. Ni "Amekuja, na hatukuondoka". Sharti linatoweka kabisa.

Ghalani wanasema kila gunia lenye alama nyekundu limepimwa unyevu. Kuna magunia manne: moja lina alama nyekundu, jingine halina, la tatu najua limepimwa, la nne halijapimwa, ila alama za hayo mawili zimefichika. Nikague yapi? (Tandahimba)

Lenye alama nyekundu, uone kama limepimwa, na lile ambalo halijapimwa, uone kama lina alama. Mengine mawili hayawezi kuivunja kauli hiyo. Mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alileta fumbo kama hili mwaka 1966, kwa kadi nne, na wengi wakakosea. Hata leo watu hulikimbilia lile la tatu, lililokwisha kupimwa, na kuliruka la nne.