Usivunje uchumba kabla hamjapimwa wote wawili

Mdogo wangu, simamisha kila kitu. Unasema mchumba wako amekutwa na kinasaba cha selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi, ukoo unataka umwache, na sasa unaulizia gharama za kuchaguliwa kiinitete (mimba changa hutungwa maabara, ikapimwa kabla ya kupandikizwa) nje ya nchi ili uuze kiwanja cha Kigamboni. Lakini katika maelezo yako yote sijaona kwamba wewe mwenyewe umepimwa.

Mimi niliachana na binti wa watu kwa njia hiyohiyo. Mshauri wa ndoa aliyetufundisha, mtu asiyejua lolote kuhusu damu, alishika majibu ya kipimo cha haraka yaliyosema "chanya", akawatangazia wazee kwamba binti ni mgonjwa na atazaa wagonjwa. Kipimo hicho hakimtofautishi mgonjwa, aliyerithi kinasaba kwa wazazi wote wawili, na mbeba kinasaba, aliyekirithi kwa mmoja tu. Kinachowatofautisha ni kile cha kutenganisha aina za himoglobini (protini ya chembe nyekundu za damu), ambacho hakuna aliyekitaja. Mahari ikarudishwa, familia mbili za Temeke hazisalimiani mpaka leo, na nilipokuja kupimwa baadaye nikaambiwa mimi ni AA, yaani sina kinasaba hicho, maana yake ni kwamba binti yule awe AS (mbeba) au SS (mgonjwa), hakuna mtoto wetu ambaye angeugua selimundu. Mshauri huyo bado anafundisha wachumba, na kila nikisikia ndoa imezuiwa mtaani kwa sababu ya "damu mbaya", nakasirika upya.

Fikra hiyo imewahi kuwatawala hata wasomi. Mwaka 1968, Linus Pauling, mwanasayansi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobeli mara mbili, alipendekeza vijana wenye kinasaba hiki wachorwe alama kwenye paji la uso ili wasipendane. Na Ujerumani, chini ya sheria ya mwaka 1933, iliwafunga uzazi kwa lazima watu wapatao 400,000 kwa madai ya kusafisha kizazi. Ilhali kinasaba hicho, mtu akikirithi kwa mzazi mmoja tu, humkinga na malaria kali, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kwa utafiti wake wa Afrika Mashariki, na ndiyo maana kimeenea sana kwetu.

Kwa hiyo pimweni wote wawili kwa kipimo kamili, msomewe majibu mkiwa pamoja, kabla mzee yeyote hajaitwa. Mkiwa AS wote, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa SS. Hapo kuchagua kiinitete kuna maana, uamuzi ni wenu wawili, na sitamlaumu mzazi anayetaka kumwepusha mwanawe na maumivu yale. Ukiwa AA, kiwanja usikiuze. Nenda kliniki ya selimundu Muhimbili wiki hii, na uende naye.