Kufuli la mkondo wa faili: funzo kutoka kwenye mizani za mkonge

Nilipewa kazi hapa Tanga ya kuandika, kwa lugha ya C, programu ya kurekodi uzito wa marobota ya mkonge katika ghala lenye mizani nne. Kila mizani niliipa uzi wake, yaani sehemu ya programu inayokwenda sambamba na nyingine, na nyuzi zote nne ziliandika katika faili moja. Kwa siku kadhaa mambo yalikwenda sawa, mpaka siku mizani zote zilipofanya kazi kwa pamoja na karani akaniita nione mstari huu: «mizani 2 mizani 4 robota 118 robota 61 kilo 251». Chini yake palikuwa na «kilo 249», basi. Kwa kuwa robota la mkonge huwa na kilo 250 hivi, hakuna aliyeweza kukisia uzito upi ni wa robota lipi.

Kiwango cha POSIX, yaani kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, kinataka fanksheni ya kuandika kama fprintf ijifungie mkondo (njia ambayo programu huandikia faili) inapoanza na kuufungua inapomaliza, hivyo herufi za mwito mmoja haziingiliwi na za mwito mwingine. Mimi nilikuwa nikiandika mstari mmoja kwa miito mitatu, na baina ya mwito na mwito mkondo ulikuwa wazi kwa uzi wowote utakaowahi.

Dawa yake ni kuita flockfile, inayofunga mkondo, kabla ya mwito wa kwanza na funlockfile, inayoufungua, baada ya ule wa mwisho. Wapo wanaopendelea kutengeneza kufuli lao la mutex (kufuli la kawaida la kuruhusu uzi mmoja tu kwa wakati), lakini mimi nashauri kufuli la mkondo wenyewe, kwa kuwa ndilo hilohilo ambalo fprintf hulishika: hata msimbo wa mtu asiyeujua utaratibu wako utasubiri zamu, ilhali mutex humzuia yule tu anayekumbuka kuiomba.

Hata hivyo, kufuli hili linataka uangalifu, na mimi sikuwa nao. Nililishika kwanza, kisha ndipo nikasoma mizani. Siku kebo ya mizani ya tatu ilipochomoka, fanksheni yangu iliona hitilafu ikarudi mapema kwa return, bila kupita kwenye funlockfile. Nyuzi tatu zilizobaki zikasubiri kufuli ambalo hakuna atakayeliachia. Programu haikufa wala haikutoa ujumbe wowote. Ilinyamaza tu, huku wapagazi wamesimama na marobota. Tangu hapo husoma mizani kwanza, nikaweka matokeo katika vigeu, kisha nikafunga, nikaandika na kufungua papo hapo. Tena kufuli hili huhesabu: uzi ukilishika mara mbili, sharti uliachie mara mbili. Na kama mstari wote unaweza kuandikwa kwa fprintf moja, fanya hivyo, usihangaike na flockfile.

Ukiandika herufi mojamoja katika kitanzi kirefu, putc_unlocked, iandikayo herufi bila kujifungia mkondo, hupunguza kazi, mradi uwe umeshika kufuli tayari.

Jambo la mwisho ni mpaka wa kufuli lenyewe. Linalinda mkondo mmoja ndani ya programu moja. Ukilifungua faili lilelile kwa fopen mara mbili, umepata mikondo miwili yenye makufuli mawili yasiyojuana. Karani alipotaka programu ya pili iandike katika faili lile, flockfile haikufaa kitu, ikanibidi nitumie kufuli la fcntl, linalowekwa kwenye faili lenyewe, katika programu zote mbili, na kuita fflush, inayosukuma maandishi yaliyo kwenye akiba ya mkondo yafike katika faili, kila nilipomaliza mstari, kabla ya kuliachia.