Maswali ya Wasomaji: Kuzitambua Nyota na Makundinyota

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninayo ramani ya anga yenye makundinyota yote, lakini kila nitokapo nje usiku naona nyota zilizotapakaa tu, simwoni mwindaji, wala nge, wala simba. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, iweke ramani hiyo kando kwa muda. Makundinyota yanayotambuliwa na Umoja wa Kimataifa wa Falaki ni 88. Orodha yake ilipitishwa mwaka 1922, na mipaka iliyochorwa na mwanafalaki Mbelgiji Eugène Delporte ikachapishwa mwaka 1930. Mipaka hiyo iliwekwa ili kila sehemu ya anga iwe ndani ya kundi fulani, jambo linalowafaa sana watafiti, lakini haimsaidii mtu anayejifunza kuangalia kwa macho yake. Anayeanza anahitaji kundi moja tu ambalo atalijua barabara, kisha alitumie kuyafikia mengine.

Kundi ninalolipendekeza ni Orion, ambalo kwa Kiswahili huitwa pia Jabari. Liko kwenye ikweta ya anga, yaani mstari wa kufikirika angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, kwa hiyo huonekana karibu kila mahali wanapoishi watu, kaskazini na kusini, na wakati wake mzuri ni jioni za Desemba hadi Machi. Tafuta nyota tatu zinazokaribiana kwa mng'ao, zilizojipanga katika mstari mfupi ulionyooka: hizo ni Alnitak, Alnilam na Mintaka, na kwa pamoja huitwa ukanda wa Orion. Upande mmoja wa ukanda utaiona Betelgeuse yenye wekundu, na upande wa pili, kwa umbali unaokaribia kuwa sawa, Rigel yenye weupe wa kibuluu. Usiharakishe hapa. Rangi za nyota huchukua muda kujitokeza machoni, na ukishaziona utakuwa umejifunza pia kwamba Rigel ina joto kubwa zaidi kuliko Betelgeuse, kwani uso wa nyota nyekundu ndio wenye joto dogo.

Sasa urefushe mstari wa ukanda kwa fikira. Ukielekea upande mmoja utafika kwenye Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote katika anga la usiku, na kwa sababu hiyo huwezi kuikosea. Ukielekea upande wa pili utafika karibu na Aldebaran, yenye rangi ya machungwa, na ukiendelea mbele utakikuta Kilimia, kifungu kidogo cha nyota zilizosongamana. Kwa ukanda mmoja umekwisha kupata Mbwa Mkubwa, ambamo Sirius imo, na Ng'ombe, ambamo Aldebaran na Kilimia vimo.

Nadhani wengi hukwama kwa sababu ya vipimo. Kundi linalojaa ukurasa mmoja wa ramani huenea angani kuliko mtu anavyotazamia, na jicho hulitafuta mahali padogo mno. Dawa yake ni mkono wako mwenyewe. Ukiunyoosha mbele kikamilifu, ngumi hufunika takriban nyuzi 10, na shubiri, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, hufikia nyuzi 20 au zaidi kidogo. Kutoka ukanda wa Orion hadi Sirius ni kama shubiri moja, na hadi Aldebaran vivyo hivyo. Kumbuka pia kwamba ramani nyingi huchorwa kaskazini ikiwa juu, ilhali Orion huweza kuonekana imelala ubavu inapochomoza, na kwa mtazamaji wa kusini mwa dunia huonekana juu chini.

SWALI: Nililizoea kundi la Orion, lakini baada ya miezi michache silioni tena jioni. Limekwenda wapi?

JIBU: Halijakwenda popote, ni Dunia iliyosogea katika mzunguko wake wa kulizunguka Jua. Kila nyota huchomoza takriban dakika 4 mapema kuliko siku iliyotangulia, na kwa mwezi mmoja tofauti hiyo hufikia muda wa saa 2. Nyota inayochomoza leo saa 3 usiku itachomoza saa 1 usiku baada ya mwezi mmoja, na hatimaye itachomoza mchana, ambapo mwanga wa Jua huificha. Mwezi Juni Jua huwa upande uleule wa anga iliko Orion. Kwa wakati huo jioni huwa ni zamu ya Nge, aliye upande wa pili wa anga, mwenye nyota nyekundu ya Antares kifuani. Mfanye Nge kuwa kundi lako la pili, nawe utakuwa na mahali pa kuanzia mwaka mzima.

SWALI: Nimeona nyota kali sana ambayo haimo katika ramani yangu. Je, ramani ina kasoro?

JIBU: Ramani yako ni sahihi, bila shaka uliyoiona ni sayari. Sayari huhama kutoka kundi moja kwenda jingine, kwa hiyo haziwezi kuchapishwa katika ramani ya kudumu. Mushtarii, kwa mfano, hukamilisha mzunguko wake kwa takriban miaka 12, hivyo hukaa karibu mwaka mmoja katika kila kundi la zodiaki, yaani ukanda wa makundi 12 ambamo Jua na sayari huonekana zikipita. Zuhura haiachani na Jua kwa zaidi ya nyuzi 47 hivi, ndiyo maana huitafuti usiku wa manane, bali magharibi baada ya machweo au mashariki kabla ya mapambazuko. Husemwa kwamba nyota humetameta na sayari hutulia, na kwa kawaida ni kweli, ila karibu na upeo wa macho hewa ni nzito kiasi kwamba hata sayari humetameta.

SWALI: Naona misalaba miwili katika anga la kusini. Upi ndio Msalaba wa Kusini?

JIBU: Ni ule mdogo, wenye nyota mbili kali jirani yake, Alpha Centauri na Beta Centauri, zinazouelekea. Mwingine ni mkubwa zaidi na hafifu zaidi, hauna viongozi hao wawili, nao umeundwa na nyota za makundi ya Carina na Vela. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa mhimili mrefu wa msalaba wa kweli, ukirefushwa takriban mara nne na nusu kuelekea upande wa mguu wake, ndio hufika karibu na ncha ya kusini ya anga, yaani mahali angani palipo juu ya ncha ya kusini ya Dunia. Atakayeutumia ule mwingine atapotea mwelekeo.

SWALI: Je, ninunue darubini, au programu ya simu inatosha?

JIBU: Darubini isubiri. Hata ile ya macho mawili huonyesha sehemu ya anga yenye upana wa nyuzi chache tu, kwa hiyo inafaa kukitazama Kilimia lakini haiwezi kukuonyesha umbo zima la Orion. Programu ya simu ni nzuri kwa kuthibitisha, mradi uwe umekwisha kuitaja nyota mwenyewe kabla ya kuinua simu. Anayeanza na simu huzoea kioo chake na si anga. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu huharibu mazoea hayo mara moja, basi punguza mwanga wake kabisa na uchague rangi nyekundu, ambayo programu nyingi za nyota zinayo.